Maswali na Majibu: Wapigapicha wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20

Tangu tuchapishe ile picha ya watoto wa mgodini Pennsylvania, maswali yamekuwa mengi. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro: Nina kipindi kimoja tu cha kuwafundisha wanafunzi wangu habari za wapigapicha hao. Nimchukue nani?

Mchukue Lewis Hine, wala usisite. Alikuwa mwalimu kama wewe, akifundisha New York, na kamera aliishika kwanza kwa ajili ya shule. Mwaka 1908 aliacha ualimu akafanya kazi na Kamati ya Taifa iliyopinga ajira ya watoto. Alizunguka viwanda vya nguo, migodi na mashamba akiwapiga picha watoto waliokuwa wakifanyishwa kazi. Wenye viwanda hawakutaka hata kumwona, hivyo akawa anaingia kwa ujanja: hapa ni muuza Biblia, pale ni mkaguzi wa moto, kwingine amekuja kupiga picha mashine tu, ila anaomba mtoto asimame pembeni ili ukubwa wa mashine uonekane.

Waeleze wanafunzi alivyokusanya ushahidi. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, kwa hiyo mtoto akimsogelea alipata kimo chake bila kutoa futi. Umri na muda aliokaa kazini aliuandika kwa siri, mkono ukiwa mfukoni. Ndiyo maana kwenye maelezo ya picha ya binti mmoja aliyesimama kando ya safu ndefu ya mashine za kusokota pamba, Lancaster, South Carolina, mwaka 1908, tunasoma kwamba ana kimo cha inchi 48 na amekwisha kufanya kazi nusu mwaka. Hizo ni kama sentimita 122. Chora mstari wa kimo hicho ukutani kwa chaki, kisha darasa litazame picha upya.

Ile picha ya Pennsylvania tuliyoichapisha ni ya Januari 1911, mjini Pittston. Wavulana wameinama juu ya makaa wakichambua mawe, na Hine aliandika kwamba vumbi wakati mwingine lilikuwa zito hadi likaziba macho. Picha hizo zilisaidia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1916 ya kuzuia ajira ya watoto, lakini Mahakama ya Juu ikaibatilisha mwaka 1918. Sheria iliyodumu ilikuja mwaka 1938. Miaka miwili baadaye Hine alifariki dunia akiwa fukara, nyumba yake imeshamtoka mikononi. Inaniuma kila ninapoandika habari zake.

Msomaji wa Mombasa: Picha maarufu ya Alfred Stieglitz ya watu waliojazana melini, je, ni wahamiaji wanaoingia Marekani?

Hapana. Meli ilikuwa inatoka New York kwenda Ulaya, mwaka 1907, na wengi wa waliomo walikuwa wanarudi makwao. Stieglitz mwenyewe alisafiri daraja la kwanza. Alisimama juu akaona daraja la chini limegawanywa na ngazi na njia yenye minyororo, mwanamume mwenye kofia ya mviringo akichungulia chini, na akakimbilia kamera akiwa amebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia, maana siku hizo picha ilinaswa kwenye bamba la kioo. Ni picha kubwa kweli, ila ninashauri usiitumie kueleza uhamiaji. Kilichomvuta Stieglitz, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa maumbo na hisia zake kuhusu maisha.

Mwanafunzi wa sanaa, Nairobi: Mbona picha nyingi za wakati huo zina ukungu kama zimechorwa?

Walikusudia. Wakosoaji walisema kamera ni mashine tu, haiwezi kuzaa sanaa, nao wapigapicha wakajibu kwa kulegeza lenzi na kuchezea rangi kwenye karatasi. Edward Steichen alilipiga picha jengo la Flatiron, ghorofa refu la New York, mwaka 1904 na kulitia rangi kwa mkono likawa kama jioni ya mvua. Nakala moja iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 11. Aliyeukata ukungu huo ni Paul Strand, aliyekuwa mwanafunzi wa Hine. Mwaka 1916 alimpiga picha mwanamke kipofu wa mtaani New York, amevaa kibao kifuani, kila mkunjo wa uso unaonekana. Mimi namchagua Strand.

Msomaji wa Zanzibar: Ni kweli mpigapicha Edward Curtis alidanganya?

Katika picha kadhaa, ndiyo. Alitoa mabuku 20 kati ya 1907 na 1930 kuhusu wenyeji wa asili wa Marekani, kazi kubwa mno. Lakini katika picha moja ya hemani, wanaume wawili wa Piegan, mojawapo ya makabila hayo, walikuwa na saa ya mezani katikati yao, naye akaifuta kabla ya kuchapisha. Alitaka waonekane watu wa zamani wanaotoweka, ilhali walikuwa watu wa siku zile zile, wenye saa. Sura alizozihifadhi bado zina thamani kubwa kwa wajukuu wa watu wale. Saa nayo ilistahili kubaki.

Msomaji wa Dar es Salaam: Watu weusi walikuwa wakipigwa picha tu, au nao walipiga picha?

Walipiga. James Van Der Zee alikuwa na studio Harlem, mtaa wa watu weusi New York, na mwaka 1924 alikuwa mpigapicha wa harakati za Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi. Wateja walikuja wamependeza, naye akawaongezea: alirekebisha kioo kwa mkono, akanyoosha meno, hata akachora pete. Tazama picha yake ya mwaka 1932 ya wanandoa waliovaa makoti ya manyoya kando ya gari la Cadillac. Hakuna anayeombewa huruma pale. Dunia ya sanaa ilimgundua mwaka 1969 tu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Mwalimu yule yule wa Morogoro: Naruhusiwa kuzichapa picha hizi kwa ajili ya darasa?

Za Hine alizoipigia Kamati ziko zaidi ya 5,000 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na unaweza kuzipakua mtandaoni bure pamoja na maelezo yake. Za Van Der Zee ni suala jingine. Tangu 2021 hazina ya picha zake iko chini ya makumbusho mawili ya New York, Metropolitan na Studio Museum ya Harlem, kwa hiyo waulize wao kwanza.