Kamera za waifai na picha za familia kuwekwa klaudi: jibu langu kwa aliyeuliza kama tunaoogopa ni washamba

Mkuu umeuliza kama ni sawa kufunga kamera za waifai ndani ya nyumba na kupandisha picha zote za familia klaudi, yaani kuzihifadhi kwenye seva (kompyuta kubwa) za kampuni kupitia intaneti, alafu mwishoni ukachomekea kwamba wanaokataa ni washamba wanaodhani kuna mtu kakaa mahali anawachungulia. Nimecheka, maana mimi kazi yangu ndo hiyo hiyo, nafunga mitandao na kamera kwenye nyumba na ofisi za watu, kwa hiyo sio kwamba mambo haya yananipita pembeni, na bado kwangu vitu vingi sijaviunganisha intaneti na sina mpango huo.

Nianze na hilo la kuchunguliwa kwasababu ndo linaonekana la kishamba kuliko yote, kumbe lina ushahidi kabisa. Mwaka 2023 ile tume ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, na moja ya mambo yaliyotajwa ni mfanyakazi ambaye mwaka 2017 alikaa miezi kadhaa akiangalia maelfu ya video za wateja wa kike, kamera zao wameziweka vyumbani na bafuni. Kesi ikaisha kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 5.8. Sasa ona, hapo hakuna aliyedukua kitu, hakuna aliyeiba paswedi, ni mtu kaajiriwa, kapewa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, akaitumia anavyotaka. Februari 2024 ikaja ya Wyze, kampuni nyingine ya kamera, huduma zao zilizima, ziliporudi wateja kama 13,000 wakafungua apu wakakuta vipicha vya kamera za nyumba za watu wengine, na kuna waliobofya wakaona kabisa ndani kwa mtu. Hata hapo hakuna mwizi, ni mfumo tu ulichanganya faili za watu. Kwa hiyo unaponiambia "nimeweka paswedi ngumu" mimi nakuelewa na hongera, ila paswedi yako inafunga mlango wa upande wako tu, ule wa upande wao hujawahi kuuona na huwezi kuufunga.

Alafu kuna wale wa "mimi sina cha kuficha". Hawa huwa sibishani nao kwa maneno. Kwangu nimeweka kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi kinachoendesha programu ya Pi-hole, kazi yake ni kupokea maswali ya DNS ya nyumba nzima, yaani kila kifaa kikitaka kuongea na seva fulani lazima kwanza kiulize anwani yake, na hilo swali linapita hapo linaandikwa, kifaa gani, kimeuliza nini, saa ngapi. Mtu akinibishia namfungulia ile orodha aone mwenyewe. Nilipoinunua TV yangu janja niliiacha kwenye waifai makusudi nione tabia yake. Usiku watu wamelala, imezimwa kwa rimoti, ile taa nyekundu ndo imebaki, na mistari inaendelea kushuka kwenye orodha, TV inauliza seva ya matangazo, inauliza seva ya takwimu, inatulia, inarudi tena. Nikizuia jina moja inajaribu jingine. Ndani ya mazungumzo yenyewe siwezi kuona kwasababu yamefungwa kwa usimbaji, yaani yamegeuzwa kuwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo, ninachoona ni nani kapigiwa tu, lakini jamani, TV imezimwa, ina habari gani ya kumwambia mtu wa matangazo saa nane za usiku?

Nikaingia kwenye setingi. Kile kitufe kinachohusu kutambua unachoangalia kilikuwa ndani ndani huko, menyu ndani ya menyu, na jina lenyewe zuri hata hushtuki, kitu kama kuboresha huduma, na kimewashwa tayari toka kiwandani. Jinsi kinavyofanya kazi ni kwamba TV inachukua vipande vya picha iliyopo kwenye kioo, inavigeuza kuwa kama alama ya kidole, inatuma, kule vinalinganishwa na hazina ya filamu na vipindi wanajua unaangalia nini. Na haijalishi umechomeka king'amuzi au deki, kilichopo kwenye kioo ndo kinasomwa. Vizio, watengenezaji wa TV wa Marekani, walibanwa kwa hilo mwaka 2017, TV milioni 11 zilikuwa zinakusanya mambo ya watu sekunde kwa sekunde bila kuomba ruhusa ya maana, wakalipa dola milioni 2.2. Piga hesabu hiyo hela kwa TV moja uone kama kuna aliyeumia.

Ile TV nimeitoa kwenye waifai, mpaka leo inaonyesha picha vizuri tu.

Sasa nije kwenye kinachonifanya mimi niwe mgumu kweli, na wala sio kuchunguliwa. Ni kwamba kifaa umelipia, kiko ukutani kwako, unakifuta vumbi wewe, ila mwenye kauli ya mwisho juu yake hayupo hapo ndani. Kulikuwa na kidude kinaitwa Revolv, cha kuunganisha taa, vitasa na vitu vya nyumbani, kilikuwa kinauzwa kama dola 300 na ahadi ya huduma ya maisha. Nest, kampuni ya vifaa vya nyumbani iliyokuwa ya Google, ikainunua kampuni iliyokitengeneza mwaka 2014, ikaacha kukiuza, na Mei 2016 seva zikazimwa. Kidude hakikuharibika, hakikuungua, kiliacha tu kufanya kazi kwa kila aliyekuwa nacho, siku moja. Aprili 2022 Insteon, nao wa taa na swichi janja, seva zilikufa ghafla bila hata taarifa, watu wameamka apu haifunguki, ratiba za taa hazibadilishiki. Mimi mwenyewe nina mteja, kampuni siitaji, kamera zake zilikuwa zinatunza kumbukumbu za siku kadhaa bure, ikaja apdeti, asubuhi anafungua apu anaambiwa hiyo sasa ni huduma ya kulipia kila mwezi. Kamera ni zile zile. Akanipigia mimi kwa hasira kama vile ndo nimeiandika hiyo apdeti.

Kwa hiyo mteja akiniuliza ninunue kipi, kipimo changu ni kimoja cha kijinga kabisa: chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, sio kuzima waifai, waifai iache, katisha intaneti tu, alafu zunguka nyumbani uone nini bado kinafanya kazi. Taa inawaka ukibonyeza swichi? Kamera inaendelea kurekodi na unaweza kuiangalia ukiwa sebuleni? Kitasa kinafunguka? Kinachokufa hapo hapo ujue hakikuwa chako, umekodi. Kuna taa nilishawahi kukuta, simu na taa viko chumba kimoja, amri ya kuwasha inatoka kwenye simu inaenda nchi nyingine ndo inarudi kwenye taa, intaneti ikikatika unatafuta tochi.

Ila tusiwe wapiga kelele bila kuelewa pia. Mfano mmoja, watu wanapiga picha ya kioo cha simu (skrinishoti) wanapost "angalieni apu ya balbu inataka kujua nilipo". Kwenye simu za Android za zamani, kabla ya toleo la 12, ilikuwa ni sheria ya mfumo wenyewe, apu haiwezi kutafuta vifaa vya bluetooth vilivyo karibu mpaka iombe ruhusa ya mahali ulipo. Hapo balbu inaweza ikawa haina kosa. Ikiomba maikrofoni na majina ya watu wako ndo tuanze kuulizana vizuri.

Haya, klaudi. Hapa nina maneno mengi, nivumilie.

Kwanza watu wengi wanachoita bakapu, yaani nakala ya akiba, sio bakapu, ni kulandanisha, yaani sehemu mbili zinafuatana kila kinachobadilika. Dada mmoja aliniletea simu imejaa, keshaambiwa na wajuaji kwamba picha zote ziko klaudi kwa hiyo afute tu za kwenye simu, akakaa jioni moja akafuta miaka na miaka. Simu na klaudi zilikuwa zinafuatana, ukifuta huku na kule inafutika, ndivyo zilivyotengenezwa. Pona yake ni kwamba Google Photos inaweka vilivyofutwa kwenye kapu la taka kwa siku 60 kama vilikuwa vimeshapandishwa, na alikuja mapema, tukavirudisha. Kwa iPhone hilo kapu ni siku 30. Angekaa kimya akidhani yuko salama mpaka sikukuu ndo atafute picha, ingekuwa habari nyingine. Ipo njia sahihi ya kupunguza nafasi kwenye simu bila kugusa nakala ya klaudi, kitufe kipo ndani ya apu yenyewe, ila nani anasoma.

Pili, akaunti yako ni ya kwao. Kuna baba mmoja huko San Francisco, mkasa wake New York Times waliuandika Agosti 2022, mtoto wake alikuwa amevimba sehemu za siri, nesi akaomba picha ili daktari aangalie, baba akapiga kwa simu na simu ikazipandisha klaudi yenyewe kama kawaida. Mashine ya Google ikazitafsiri ni picha za unyanyasaji wa mtoto, akaunti ikafungwa. Polisi wakachunguza, wakasema hakuna kosa. Akaunti hakurudishiwa. Barua pepe, majina, picha za mtoto toka amezaliwa, hata namba ya simu maana alikuwa anatumia huduma yao ya simu, vyote vikaenda pamoja. Mimi sisemi wasikague, yale mambo yapo na ni machafu, nasema ukiweka maisha yako yote chini ya akaunti moja, siku mashine ikikosea huna wa kumgongea mlango.

Tatu, hilo neno "data zako zimesimbwa" kampuni nyingi zinalisema na mara nyingi ni kweli, swali ni ufunguo anao nani. Namna rahisi ya kujua: umesahau paswedi, wanakutumia meseji ya kuthibitisha, unaweka mpya, na faili zako zote hizo hapo zinafunguka. Basi ufunguo wanao wao. Huduma ambayo ufunguo uko kwako tu itakwambia toka siku ya kwanza kwamba ukipoteza paswedi na ile namba ya siri ya kurejesha akaunti, imekula kwako. Na hata hilo linaweza kubadilika juu yako, Apple walikuwa na ulinzi wa aina hiyo kwa iCloud, Februari 2025 wakauondoa kwa watumiaji wapya wa Uingereza baada ya serikali ya kule kutaka mlango wa siri wa kuingilia data za watu.

Na usidhani klaudi ni kitu kinachoelea. Machi 10 mwaka 2021 jengo la seva la OVH, kampuni inayokodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, kuna wateja ambao data yao na bakapu yake vilikuwa eneo hilo hilo, vyote vikaondoka na moshi.

Upande wa pili nao niuseme, maana nao ni kweli. Diski iliyoko kabatini inaibiwa, inaanguka, inakufa yenyewe bila kusema. Kampuni kubwa zina watu wa usalama kunizidi mimi mara nyingi mno. Na kamera uliyoificha isipate intaneti haipati apdeti pia, kwa hiyo lazima uwe unajua unachofanya. Na uzembe wetu wenyewe upo: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikuwa kinaingia kwenye kamera na ruta kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu, zile za admin kwa admin, Oktoba 21 jeshi la vifaa hivyo likaifurikisha kwa maombi kampuni ya Dyn, iliyokuwa inajibu maswali ya DNS ya tovuti kubwa, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye zile kamera walikuwa hata hawajui. Nikienda kwa wateja bado nazikuta hizo paswedi, na fundi aliyezifunga kaondoka na hela yake.

Kwangu nimefanya hivi. Kamera ni za waya, zinarekodi kwenye rekoda yenye diski, ziko kwenye mtandao wao peke yao usio na njia ya kutoka nje, nikiwa mbali nikitaka kuangalia napita kwa VPN ya ruta yangu, yaani njia ya siri iliyofungwa ya kuingia mtandao wa nyumbani. Hakuna kamera chumbani wala sebuleni, zote zinaangalia nje. Picha ziko kwenye diski mbili, moja nyumbani moja kwa ndugu, na nakala ya tatu iko klaudi, ndio, klaudi, ila inapita kwanza kwa Cryptomator, programu ya kusimba faili, inafungwa kwenye kompyuta yangu ndo inapanda, wao wanaona faili zenye majina ya ajabu ajabu. Ufunguo nimeuandika kwenye karatasi, mke wangu anajua ilipo. Na mara moja moja nachukua folda yoyote nairudisha kutoka klaudi nione kama inafunguka, maana bakapu ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama unayo.

Kwa hiyo kwako mkuu: kamera ya getini weka, ya chumba cha mtoto achana nayo, kama ni kumsikia akilia usiku vipo vile vya redio visivyogusa intaneti kabisa. Picha pandisha ukitaka, ila uwe na nakala nyingine isiyofuatana na simu. Na kabla hujalipia kamera angalia kama inakubali ONVIF au RTSP, yaani lugha za pamoja zinazoiwezesha kuongea na rekoda au programu isiyo ya kampuni yao, na kama ina sehemu ya kadi, ikiwa boksi zima linaongelea apu yao tu, irudishe rafu. Ukishapata modeli iandike hapa, kama nimeshawahi kuifunga nitakwambia tabia zake.