Tasnifu ya Wagiriki ukiwa Ujiji: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu, unasema uko mwaka wa tatu, umerudi Ujiji likizo, na unataka tasnifu yako ithibitishe kwamba Ptolemy, yule mwanajiografia Mgiriki wa Aleksandria wa karne ya 2, alilijua Ziwa Tanganyika. Nimecheka peke yangu. Mada hiyo hiyo ndiyo niliyompelekea msimamizi wangu enzi zangu.

Nilikuwa nimesoma kwenye kitabu fulani cha historia kwamba mfanyabiashara Diogenes alishuka Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, akatembea siku 25 kuingia bara hadi kwenye maziwa makubwa. Mtoto wa Kigoma nisiruke? Siku 25 kwa miguu, maziwa, basi ni kwetu! Nikajaza kurasa kumi na mbili. Msimamizi akauliza jambo moja tu: "Aya yenyewe umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Nilipoitafuta, kwenye Jiografia ya Ptolemy, kitabu cha 1, sura ya 9, nilitamani ardhi inimeze. Diogenes alikuwa baharini anarudi kutoka India. Alipokaribia Aromata, kule kwenye pembe ya Somalia, upepo wa kaskazini ukamsukuma siku 25, nchi kavu ikiwa mkono wake wa kulia, akafika kwenye maziwa yanakotoka Nile, Rasi ya Rhapta ikiwa kusini yake kidogo. Habari za kutembea bara hazimo. Tena Ptolemy hakumsikia Diogenes kwa masikio yake. Anaitoa habari kwa Marinus wa Tiro, mwanajiografia aliyemtangulia. Theluji ya Milima ya Mwezi, inayosemwa kuyajaza maziwa hayo ya Nile, nayo iko mbali kabisa, kitabu cha 4. Watu wa baadaye ndio walioviunga vipande hivyo vikawa safari moja.

Na ziwa letu, ndugu yangu, halipeleki maji Nile. Maji yake hutoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo. Waliodhani Mto Rusizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini walikatwa maneno mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda hadi mdomoni mwake wakaukuta unaingia.

Kwa hiyo usianze na mada. Tafuta aya mbili zinazogombana, swali litajitokeza lenyewe. Mimi nilihamia Rhapta. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa Kigiriki wa safari za biashara baharini wa karne ya 1, inaiita soko la mwisho la Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na mbele yake bahari isiyojulikana. Kwa Ptolemy, miaka mia hivi baadaye, pwani inaendelea kusini hadi Rasi ya Prason. Nini kilibadilika hapo katikati? Tasnifu nzima ikatoka hapo.

Periplus inasema jina Rhapta limetokana na mashua za kushonwa. Nilikwenda Kibirizi, hapo Kigoma kando ya ziwa, kumuuliza fundi wa mitumbwi angefanyaje bila misumari. Akasema, "Ukishona, kila tundu ni mlango wa maji, utakalafati mpaka uzeeke." Maneno yake sikuyaweka kwenye tasnifu, maana Kibirizi si ushahidi wa Azania, ila tangu siku ile sentensi ile niliielewa.

Kigiriki sikukijua. Nilijifunza herufi kwa wiki mbili, kiasi cha kutafuta neno kwenye kamusi, na kwenye utangulizi nikasema wazi kwamba nategemea tafsiri. Matini nyingi zipo bure Perseus, maktaba ya mtandaoni ya maandishi ya kale. Shusha usiku bando likiwa rahisi, maana umeme ukikatika katikati ya sura utalia. Daftari ligawe: kushoto aya na namba yake, kulia maneno yako. Namba ni ya kitabu na sura, si ya ukurasa. Kosa hilo lilinigharimu juma zima la kurekebisha.

Anza na tafsiri ya Kiingereza ya Ptolemy ya Berggren na Jones ya mwaka 2000, sura hiyo ya 9. Isome mara tatu, halafu niandikie umeona nini. Maziwa ya Ujiji tutayazungumza baadaye.