Seva ikizima mara kwa mara, usitafute sababu moja

Seva inayozima ovyo huwageuza watu wote kuwa waganga. Huyu anataka mfumo ufutwe na kupakiwa upya, yule anaapa ni virusi, mhasibu anasema umeme tu huo. Katika hoteli moja ya Mji Mkongwe niliyokuwa nikiihudumia, dawa zote hizo zilikwishatajwa kabla mtu hajafungua hata logi moja, yaani rekodi ya matukio ambayo mashine hujiandikia. Mashine yenyewe ilibeba buking za wageni na bili za mkahawa, kwa hiyo kila ikizima watu wa mapokezi walirudi kwenye kalamu na karatasi.

Ninachowaambia vijana wanaoingia kazi hii ni kwamba seva iliyozima mara nyingi si lazima iwe na ugonjwa mmoja. Kabla hujagusa chochote, yagawe hayo mazimiko mafungu mafungu.

Weka daftari mapokezi, la karatasi. Wafanyakazi waandike saa, kama umeme ulikatika au ulipepesa, kama kiyoyozi kilikuwa kikifanya kazi, na kwenye skrini palikuwa na nini. Picha ya simu ya skrini iliyoganda inashinda maelezo ya nusu saa. Wanaoona mengi ni watu wa zamu ya usiku, nao uzungumze nao kwa adabu. Ukiwahoji kama askari, hutaambiwa kamwe kuwa kuna aliyechomoa waya achaji simu yake.

Kisha linganisha daftari na logi. Kwenye Linux, journalctl --list-boots itakuonyesha kila mara mashine ilipowaka, na journalctl -b -1 -e itakupeleka kwenye mistari ya mwisho kabla haijazima. Hakikisha umeweka Storage=persistent ndani ya /etc/systemd/journald.conf, la sivyo huenda logi zikakaa kwenye memori tu na kupotea. Ukiona huduma zinafungwa moja baada ya moja, ujue mashine iliamriwa izime. Ukikuta "Out of memory", kerneli, yaani kiini cha mfumo, imeua programu moja iliyokula memori. Mfumo wenyewe kwa kawaida bado upo hai. Mistari ikikatika ghafla katikati ya shughuli za kawaida, shuku umeme, joto au kifaa, ingawa hata kerneli ikianguka mara nyingi haiwahi kuandika diskini. Wenye Windows watazame tukio namba 41 la Kernel-Power: BugcheckCode ikiwa 0, hakuna skrini ya buluu (ile ya Windows ikianguka) iliyorekodiwa.

Tuje kwenye umeme. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawajasahau giza lile la kukatika kwa waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara, ndiyo maana hapa kwetu umeme hulaumiwa kwanza. Lakini seva yenye UPS nzima, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, haipaswi hata kujua kuwa umeme umepepesa. Tatizo ni betri. Betri za risasi hupimiwa umri wake kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo karibu nusu. Stoo isiyo na dirisha wakati wa kaskazi itaimaliza mapema, na taa ya kijani itaendelea kuwaka kama kawaida. Ijaribu UPS kwa kompyuta ya zamani, si kwa seva, uchomoe plagi ukutani uone inahimili muda gani. Ile ya hoteli haikuhimili hata kidogo.

Betri mpya ilimaliza fungu moja. Mazimiko mengine yakaendelea, na daftari likaonyesha kwamba yote yalitokea usiku kiyoyozi kimezimwa ili kuokoa uniti za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla. Hapo nikaweka rasdaemon, programu inayorekodi makosa ya vifaa, na amri ya ras-mc-ctl --errors ikaorodhesha makosa ya memori, yote kwenye tundu moja la kuchomekea memori. Memori ya ECC, yaani inayojikagua makosa, kwa kawaida hurekebisha biti moja iliyoharibika. Zikiharibika mbili kwa pamoja huzigundua tu, na mara nyingi mashine husimama. Usikimbilie kununua kijiti kipya cha memori. Kihamishie tundu jingine kwanza: kosa likikifuata, kijiti ni kibovu; likibaki palepale, tundu ndilo bovu. Letu lilibaki palepale. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na kwetu pwani unyevu huo si jambo la ajabu, kwa hiyo vumbi la chumvi ya bahari likitua kwenye miguso ya tundu huila polepole. Tundu tukaliacha tupu, kiyoyozi kikaachwa kiwake usiku kucha kipunguze joto na unyevu. Meneja alinung'unika kidogo kuhusu bili.

Ukiondoa umeme na vifaa, fungu linalobaki ni la kerneli yenyewe. Kama lilianza baada ya kusasisha, washa kerneli ya zamani kutoka menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikianza kuwaka, uiache siku kadhaa. Hiyo isiposaidia, weka kdump, ambayo hutenga sehemu ya memori kwa kerneli ya pili inayoamka ya kwanza ikifa, ili ihifadhi picha ya memori, kwa kawaida ndani ya /var/crash. Ijaribu usiku, kwa idhini ya wenyewe na baada ya nakala rudufu: ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), amri ya echo c > /proc/sysrq-trigger huangusha mfumo makusudi. Usipokuta faili, ongeza kiasi kwenye crashkernel, mpangilio unaotaja memori ya kutengwa, washa upya, na ujaribu tena kabla wageni hawajaanza kuondoka asubuhi.