Kabla Hujasema "Wameharibu": Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kushika Maikrofoni

Wadogo zangu, trela ya muvi ya mashujaa wa komiki ikitoka jioni, kabla ugali haujaiva nyinyi mmeshahukumu: wameharibu. Vazi si lile. Nywele si zile. Huyu mwigizaji mrefu mno, yule mfupi, na huyu mwanamke kaingiaje hapa? Halafu Jumamosi mnakuja kwenye banda letu la video hapa Kondele, Kisumu, muvi inaisha, mnashika maikrofoni na kusoma orodha ya yaliyobadilishwa, la kwanza hadi la mwisho, huku watu waliolipa pesa zao wakitafuta njia ya kutokea. Najua mnawapenda hawa mashujaa kwelikweli. Ndiyo maana nimeona niwaandikie badala ya kuendelea kuguna kule nyuma kando ya projekta.

1. Jifunzeni malalamiko ya zamani kabla ya kuongeza lenu.

Mwaka 1988 Michael Keaton alipotangazwa kuwa Batman, Warner Bros. ilipokea barua kama 50,000 za kumpinga. Barua za karatasi, mtu amekaa chini akaandika, akanunua stempu. Walimjua Keaton kwa vichekesho, wakaapa kwamba hawezi kutisha mtu. Muvi ikatoka Juni 1989, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400, na aliporudi na kinyago kilekile mwaka 2023 kumbi zilishangilia. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Heath Ledger: eti kijana wa muvi za mapenzi awe Joker, adui wa Batman! Alifariki Januari 2008, miezi michache kabla ya muvi kutoka, na Februari mwaka uliofuata akatunukiwa Oscar asiyoweza kuipokea. Wolverine wa komiki naye, yule shujaa wa makucha, ni mfupi, kama sentimita 160 tu. Hugh Jackman anakaribia 190. Lakini taja Wolverine leo pale stendi ya mabasi uone watu wanamfikiria nani.

Hii haina maana kwamba mashabiki hukosea kila mara. Mwaka 2009 watengenezaji wa muvi walimshona mdomo Deadpool, shujaa anayejulikana kwa domo lake. Deadpool! Mtu ambaye ukimnyima maneno hakubaki kitu. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mwaka 2016 akarudi na mdomo wake wote. Kaeni na mifano hii miwili, Wolverine na Deadpool, kwa sababu mabishano mengi mnayoanzisha yangekwisha mapema mngeyapima kwayo. Wolverine akiongezwa urefu, hasira yake ipo, upweke wake upo, makucha yapo. Deadpool akinyamazishwa, umebaki na mtu mwingine aliyevaa jina lake. Basi kabla ya kuuliza wamebadilisha nini, uliza kilichoondoka kilikuwa kimebeba nini.

2. Ukisema "asilia", sema asilia ipi.

Superman alipotoka mwaka 1938 hakuwa anapaa. Alichupa, umbali wa kama mita 200 hivi, kisha akatua. Kupaa kulishika mizizi kupitia katuni za sinema za miaka ya 1940. Kryptonite, lile jiwe linalomnyong'onyeza Superman, ambayo kila mmoja wenu huitaja kana kwamba iliandikwa kwenye mawe, ilitoka kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, komiki zikaichukua baadaye. Harley Quinn, mpenzi wa Joker, alizaliwa kwenye katuni ya televisheni mwaka 1992. Spider-Man alipotoa utando moja kwa moja mkononi katika muvi ya mwaka 2002, bila vile vyombo alivyojitengenezea mwenyewe, mashabiki walichacha. Mwaka 2004 komiki yenyewe ikampa utando wa mwilini kwa muda. Na mwaka huohuo wa 2002 komiki moja ilimchora Nick Fury, mkuu wa majasusi, kwa sura ya Samuel L. Jackson, miaka sita kabla Jackson mwenyewe hajatokea katika kile kipande cha baada ya majina mwishoni mwa Iron Man.

Kwa hiyo mtu akisimama bandani akasema "komiki inasema", mwulizeni ni toleo gani, la mwaka gani, la mwandishi gani. Akijibu, mpeni maikrofoni na muda wa kutosha, kwa sababu huyo ana kitu cha kutufundisha.

3. Kumbukeni tulivyokutana nao sisi.

Hapa Kisumu hakuna aliyekua akinunua komiki kila wiki kwenye kibanda cha magazeti cha Oginga Odinga Street. Tulikutana na mashujaa kwenye katuni za televisheni baada ya shule, kwenye DVD za kukodisha, na zaidi ya yote kwa sauti ya DJ anayetafsiri muvi. Mnamjua DJ wa banda. Shujaa anapewa jina jipya, adui anapewa kabila, bosi wa majambazi anadaiwa kodi ya nyumba, na mazungumzo ya kimya ya dakika mbili yanageuzwa ugomvi wa shemeji. Kuna wazee Manyatta ambao hadi leo hawaingii bandani kama muvi haina DJ, na wakitoka wanakusimulia hadithi ambayo mwongozaji wake angeisikia angeomba kuitazama upya. Hao wazee wamecheka na kulia na mashujaa hawa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuandika barua kulalamika kwamba DJ ameharibu.

Nalisema hili kwa fahari. Sisi ni watazamaji tuliozoea hadithi kubadilishwa ili itufikie, na tunajua mabadiliko mazuri yakoje, maana tunayatambua kwa masikio: banda zima linaitikia. DJ akipotosha mahali muhimu, tuseme akageuza kifo cha baba kuwa kichekesho, banda hilohilo linampigia kelele. Kipimo mnacho tayari. Mbona mkifungua simu mnakiacha na kuazima hasira za mtu wa Marekani, tena kwa maneno yake yaleyale?

4. Usimnyang'anye mtu alichokipenda.

Hapa nitakaa kidogo. Kisa hiki ni cha mwenzangu mmoja aliyekuwa akiongoza mijadala upande wa Nyalenda. Alinisimulia mwenyewe, na ameniruhusu niwasimulie bila jina lake, kwa sababu anawaona mkielekea shimo lilelile.

Black Panther ilipotoka Februari 2018, mnakumbuka mji ulivyokuwa. Lupita Nyong'o yumo, baba yake ndiye gavana wetu, na watu ambao hawajawahi kuingia bandani waliingia. Usiku mmoja akaja mama mmoja muuza omena wa soko la Jubilee, pamoja na wajukuu zake, amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani. Alikuja kumwona nyarwa, binti yetu. Muvi ikaisha, mwenzangu akauliza nani ana la kusema, na mama akainua mkono. Watu wa rika lake huwa hawainui mkono pale. Akasema alimpenda Nakia, yule aliyeigizwa na Lupita, kwa sababu ni msichana mwenye kazi yake. Mfalme anamtaka, naye hakatai mapenzi, lakini hataki kuacha watu anaowasaidia huko nje ili akakae ikulu. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kuambiwa achague kati ya biashara na ndoa, na hakuna aliyemwonyesha kwamba mtu anaweza kusimama vile na bado akapendwa.

Mwenzangu alikuwa amesoma. Alikuwa na komiki zote za Christopher Priest kwenye simu yake, zile zilizoanza mwaka 1998, alipotokea Nakia kwa mara ya kwanza. Akachukua maikrofoni akamweleza mama kwamba huyo si Nakia. Nakia wa komiki, akasema, ni msichana mdogo wa Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme. Mfalme mwenyewe, T'Challa, anambusu akiwa ametiwa kiwingu na shetani Mephisto, akidhani ni mwanamke mwingine. Msichana anachanganyikiwa kwa mapenzi, anajaribu kumuua yule mwanamke mwingine, anafukuzwa, na mwishowe anakuwa adui anayeitwa Malice. Aliieleza yote kwa mpangilio, na matoleo akayataja. Aliniambia kwamba alipokuwa akizungumza alijisikia kama mwalimu mzuri.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo niliyempenda si yeye?"

Mwenzangu akajibu, "Kwa kweli, mama, si yeye."

Mama akasema asante, akawaamsha wajukuu, wakaondoka. Hakurudi tena. Na usiku ule hakuna mwingine aliyeinua mkono, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameona kinachompata mtu akisema alichopenda.

Kinachomuuma mwenzangu hadi leo ni kwamba hakusema uongo. Kila alichosema kuhusu komiki ni kweli. Lakini mama hakuuliza habari za komiki. Alileta maisha yake mwenyewe mbele ya watu asiowajua, naye akamjibu kwa orodha. Tena yeye mwenyewe aliyapenda yale mabadiliko! Aliniambia: "Nilipotoka sinema mara ya kwanza nilifurahi kwamba mwongozaji Ryan Coogler amempa yule msichana akili na kazi. Ila nilidhani mjuzi lazima aonyeshe tofauti." Maarifa yake yangeweza kumpa mama zawadi kubwa. Angemwambia: mama, miaka 20 nyuma msichana huyu aliandikwa kama mtu anayeharibika kwa kumpenda mfalme, watu waliotengeneza muvi walimtazama upya, wakaandika mtu uliyemtambua wewe. Taarifa zilezile, na mama angerudi wiki iliyofuata na majirani zake.

Mkiwa na taarifa mkononi, jiulizeni mnampa mtu au mnamnyang'anya.

5. Mambo madogo. Tazameni muvi mara mbili kabla ya kuongoza mjadala. Msitoboe mwisho mlangoni. Msisome nyota za mtandaoni kama ushahidi. Watu hupiga kura hata kabla ya muvi kutoka, na Rotten Tomatoes ililazimika kufunga maoni ya namna hiyo mwaka 2019. Zimeni simu.

6. Rangi, wanawake, na sisi.

Michael B. Jordan alipochaguliwa kuwa Johnny Storm katika muvi ya Fantastic Four ya mwaka 2015, alitukanwa kwa rangi yake. Muvi ilikuwa mbaya kwa sababu nyingi, na rangi yake haikuwa mojawapo. Alipotangazwa Silver Surfer mwanamke kwa ajili ya ile ya mwaka 2025, nikawasikia baadhi yenu mkirudia kelele za mbali neno kwa neno, hata bila kujua kwamba Shalla-Bal, mwanamke huyo, yuko katika komiki tangu mwaka 1968. Mtoto wa Kondele kumkasirikia mtu mweusi kwa kuigiza shujaa! Hilo lilinihuzunisha, na nasema waziwazi.

Kuna mabadiliko yanayotuhusu sisi hasa, na hayo mnayapita mbio. M'Baku wa Black Panther, katika komiki, tangu mwaka 1969, aliitwa Man-Ape, yaani mtu-sokwe, na kuvaa ngozi ya sokwe. Muvi ililiacha jina hilo ikampa watu wake, mlima wake na heshima yake. Nani kati yenu amewahi kulisimamia hilo kwenye maikrofoni na kusema, hapa wametuheshimu?

Au chukueni Civil War, ambamo mashujaa wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Katika komiki ya mwaka 2006 mlipuko unaoanzisha mgogoro unatokea Stamford, Marekani, karibu na shule. Muvi ya mwaka 2016 ikaupeleka Lagos. Mashabiki wa kwingine walibishana kuhusu idadi ya mashujaa upande huu na ule, nanyi mkabishana hivyohivyo. Kisha binti mmoja wa Maseno, aliyekuwa amekuja likizo, akauliza kwa nini Waafrika wanakufa mwanzoni ili Wamarekani wapate la kugombania, na kwa nini hatujui jina hata la mmoja wa waliokufa. Mjadala ule uliendelea mpaka mwenye banda akazima taa. Sijawahi kusikia swali hilo kwa mchambuzi yeyote wa mbali mnayemfuata. Lilitoka hapa, kwa mtu aliyeitazama muvi akiwa amekaa mahali pake mwenyewe. Maswali ya namna hiyo ndiyo ninayoyasubiri kutoka kwenu, na ninajua mnayo.

7. Jumamosi hii.

Tuna Superman ya mwaka 2025, na najua mmeshajiandaa na la wazazi wake wa Krypton, sayari alikozaliwa: kwamba ujumbe waliomwachia mtoto wao, ukisikika wote, unamwambia awatawale watu wa dunia. Ni badiliko zito. Waliokua wakimjua Jor-El, baba yake mzazi, kama mtu mwenye hekima wana haki ya kuumia, nami sitaki mtu yeyote awacheke. Ila angalieni muvi inafanya nini na jeraha hilo. Inamrudisha Superman shambani kwa watu wawili waliomlea, wasiomzaa, na hapo ndipo anapojua yeye ni nani.

Banda letu limejaa watu waliolelewa na nyanya zao, na shangazi, na majirani. Komiki mtazijadili tu, muda utakuwepo. Lakini yule atakayeongoza asianze na swali la Krypton. Aulize nani hapa alilelewa na mtu asiyemzaa, halafu maikrofoni ianzie viti vya nyuma.