Jibu: Kuhamia mfumo mmoja wa taarifa kwenye idara ya tiba ya mionzi

Ndugu, umeuliza kama muanze na ratiba za wagonjwa au muunganishe mashine za mionzi kwanza. Mimi ningeanza na mashine. Faida kubwa ya programu kama ARIA au MOSAIQ, zinazosimamia taarifa za tiba ya mionzi, ni kwamba mpango wa tiba unafika kwenye mashine bila mtu kuandika upya namba hata moja, na kila dozi iliyotolewa inajirekodi.

Lakini msiiamini kwa kufumba macho. Mwaka 2005 huko New York kompyuta ilikwama wakati mpango unahifadhiwa. Maelekezo ya kolimeta, yaani kifaa kinachozuia mionzi isitoke nje ya eneo la tiba, yakapotea, na mgonjwa akapigwa mionzi mara 3 kolimeta ikiwa wazi kabisa kabla ya mtu kugundua. Inaumiza kusoma, maana kipimo kimoja kabla ya tiba kingetosha. Mwanafizikia wenu apime mpango kwenye mashine kila unapobadilishwa, hata mkiwa na foleni.

Walio katikati ya tiba wamalizie kwenye mfumo wa zamani. Ikilazimu kuwahamisha, watu 2 wahakiki jumla ya dozi. Ratiba na malipo vinaweza kusubiri. Na muulizeni muuzaji mapema, kwa maandishi: mtandao ukikatika, mgonjwa aliyefika nusu ya tiba anaendeleaje?