Kubaliana siku za ukaguzi kabla ya kulipa

Risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, nasi tumeyazoea maneno hayo kiasi cha kudhani kuwa biashara haiwezi kwenda vinginevyo. Tangu nilipoanza kusoma sheria za kale za Kihindu, siyakubali tena kirahisi. Sheria ya Manu ilimruhusu mnunuzi au muuzaji aliyejutia mapatano kuyavunja ndani ya siku 10. Yajnavalkya, mtunga sheria mwingine wa Kihindu ambaye ndiye aliyenivutia zaidi, alipanga muda wa ukaguzi kwa kila aina ya kitu: chuma siku 1, mnyama wa maziwa siku 3, mnyama wa mizigo siku 5, vito siku 7 na mbegu siku 10. Orodha hiyohiyo inawahesabu pia watumwa, na doa hilo halifai kufichwa.

Kwa kuwa hununua mbegu na mifugo, nimeuona ukweli wa hesabu hiyo kwa macho yangu. Wapo wauzaji wanaoacha kumkamua ng'ombe kabla ya kumpeleka sokoni ili kiwele kijae, hivyo maziwa ya siku ya kwanza hayakwambii lolote. Mkamue mwenyewe asubuhi na jioni, na ifikapo siku ya tatu utajua kiasi anachotoa kwa kweli. Mbegu za mahindi, hesabu 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, usikiache kikauke, kisha uhesabu zilizoota kabla ya siku 10 kwisha.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti idadi ya siku na kiasi atakachorudisha kasoro ikionekana. Usimdai yasiyo haki: Narada, naye mtunga sheria wa kale wa Kihindu, aliagiza kwamba mnunuzi akirudisha mali siku ya pili apoteze sehemu moja ya 30 ya bei, siku ya tatu apoteze maradufu, na baada ya hapo mali ni yake. Nami hukubali makato ya namna hiyo ninapobadili nia tu, bila kasoro yoyote. Mnadani, ambako huenda usimwone tena muuzaji, omba sehemu ya bei ibaki kwa mtu mnayemwamini wote wawili hadi siku za ukaguzi ziishe. Akikataa, tafuta ng'ombe mwingine.