Niliacha nyama miezi mitatu, LDL ikabaki palepale

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Daktari amekupa miezi mitatu urekebishe chakula kabla hajakuandikia statini (dawa ya kushusha kolesteroli), je, inawezekana LDL, ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu, kushuka kwa kula mimea tu? Kuacha nyama kunatosha? Na kahawa nayo uiache? Nakujibu kama mtu aliyepoteza miezi mitatu ya kwanza kwa ujinga wake mwenyewe.

LDL yangu ilisoma 4.6 (mmol/L). Jioni ileile nikatangaza nyumbani kwamba nyama, mayai na maziwa basi. Nilijiona shujaa. Kuanzia hapo ikawa mkate mweupe na jamu, wali mweupe, chipsi, biskuti zisizo na maziwa, juisi asubuhi na jioni, na kila kilichokaangwa kilikaangwa kwa mafuta ya nazi kwa kuwa nilisikia ni "ya asili". Nikarudi kupima: LDL 4.4, na trigliseridi (mafuta mengine yanayopimwa kwenye damu), ambazo awali hazikuwa na tatizo lolote, zimepanda. Daktari hakunigombeza. Alinipa karatasi niandike nilichokula jana yake tangu asubuhi. Nikaandika. Akaigeuza upande wangu akaniuliza, "Mboga ni ipi hapa?" Kulikuwa na nyanya tu, na yenyewe ya chupa, ile ya kumwagia chipsi.

Ni kweli mimea haina kolesteroli. Ila sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini inatengenezwa humohumo mwilini, na ini ndilo linaloiondoa kwenye damu, kwa vipokezi vinavyoinasa LDL ikipita (Brown na Goldstein walipewa Nobeli mwaka 1985 kwa kazi ya kolesteroli iliyohusu vipokezi hivyo). Ukila sana mafuta yanayoganda (wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba), vipokezi hupungua, LDL inabaki inazunguka. Sasa mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 yake ni ya namna hiyo, yanaizidi hata siagi. Nilimfukuza ng'ombe mlangoni, nikamwingiza kwa dirishani akiwa amevaa nazi. Sukari na unga uliokobolewa nao ndio walionipandishia trigliseridi.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa watumishi wa afya zaidi ya 200,000 waliofuatiliwa miaka mingi. Waliokula mimea ya maana (nafaka zisizokobolewa, kunde, karanga, mboga, matunda) walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo. Waliokula "mimea" ya aina yangu, yaani vinywaji vitamu, unga mweupe, viazi vya kukaanga na peremende, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Wote hao ukiwauliza watakwambia wanapunguza nyama.

Kilichonisaidia ni mpangilio wa David Jenkins wa Chuo Kikuu cha Toronto. Anakusanya vitu vinne ambavyo kila kimoja kinashusha LDL kidogo, unavila vyote kwa pamoja: nyuzinyuzi zenye utelezi, protini ya soya na kunde, karanga na jamii yake, na steroli za mimea (vitu vya kwenye mimea vinavyofanana na kolesteroli). Mwaka 2003 aliwagawa watu 46 makundi matatu kwa mwezi mmoja. Waliopunguza tu mafuta yanayoganda, LDL yao ilishuka asilimia 8. Waliokula hivyohivyo wakaongeza lovastatini (aina ya statini) walishuka karibu 31. Waliokula vile vinne, karibu 29. Ukisoma hapo unaweza kutupa dawa dirishani, ngoja kwanza. Watu wale walikuwa wanapewa chakula tayari. Alipokuja kujaribu kwa watu 351 wanaojipikia wenyewe kwa miezi sita, wakapata ushauri tu, wastani ukawa asilimia 13 hadi 14. Hiyo ndiyo namba ya maisha ya kawaida, na bado si haba.

Kuhusu utelezi, hapa ndipo nilipoelewa kitu. Chukua bamia, ikate, ichemshe kwa maji kidogo, kisha inua mwiko. Zile nyuzi zinazovutika ndizo unazozitaka. Watu wengi wanaweka limau kuukata ute, mimi nimeacha. Oti na shayiri nazo zina ute wa namna hiyo, ndio maana sufuria ya uji wa oti ukiiacha mezani inaganda kama imepakwa gundi. Tumboni ute ule unanasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini linalazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni kolesteroli, basi linaivuta kutoka kwenye damu. Gramu 3 kwa siku za ute wa oti au shayiri zinatosha kuonekana kwenye kipimo, nazo utazipata kwenye bakuli moja kubwa la uji, au mawili ya kawaida.

Mchana nikaweka maharage, dengu au njegere kila siku. Wiki mbili za kwanza tumbo lilikuwa ngoma, familia ilinivumilia. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, anza na vijiko vichache uongeze polepole. Jioni kiganja kimoja cha karanga au lozi zisizo na chumvi, kama gramu 30. Kiganja, si bakuli, maana zina mafuta mengi na uzito utakuja kukusuta. Mafuta ya kupikia yakawa ya alizeti, tena kidogo. Kuhusu steroli sikuhangaika nazo, maana kiasi kinachotakiwa hukipati bila vyakula vilivyoongezewa.

Baada ya wiki kumi: 3.5. Trigliseridi zikarudi chini.

Lakini mkuu, usijipime kwa namba zangu. Kuna watu, takriban mmoja kati ya 250, wana kolesteroli ya juu ya kurithi. Hao wanaweza kula bamia mpaka wachakae na bado wakahitaji dawa. Kama kwenu kuna mtu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana, mwambie daktari wako kabla hujaanza chochote. Na kama tayari unameza statini, usiiache kwa sababu ya uzi wa mtandaoni, huu ukiwemo. Chakula na dawa vinafanya kazi pamoja vizuri tu. Ukiacha kabisa mayai, maziwa na samaki, tafuta vidonge vya B12, maana mimea haikupi ya kutegemea na upungufu wake unakuja kimyakimya.

Kahawa sasa. Inategemea unavyoipika. Ile ya kuchemsha na kunywa bila kuchuja ina kitu kinaitwa kafestoli kinachopandisha LDL. Chujio la karatasi linakinasa karibu chote. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya kuchemsha kila siku, na daktari alipouliza kuhusu chakula wala sikuvitaja, kwa sababu nilidhani kahawa si chakula. Bado nakunywa vinne, ila vinapitia kwenye karatasi.